Jina Likifutwa, Mgonjwa Bado Hajafichika

Mnamo Februari 23, 2015, Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo ambalo yamkini wengi wamelisahau. Makamishna wa kaunti, wakishirikiana na maafisa wa elimu na afya, walitakiwa kukusanya takwimu za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, walezi wao, aidha akina mama waja wazito na wanaonyonyesha walioambukizwa. Nia ilikuwa njema: kupanua matibabu. Lakini nani angeishika orodha hiyo, na kwa ufunguo upi?

Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani. Mnamo Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, ambayo katika kifungu cha 31 humhakikishia kila mtu faragha. Serikali iliamriwa kuyageuza majina yaliyokwisha kukusanywa yawe alama za siri, ili jina la mtu lisifungamanishwe na hali yake ya afya.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo, kwetu sisi tunaoshughulika na lugha, hapo ndipo mjadala unapoanza. Chukua Magunga, kule Suba Kusini. Kaunti ya Homa Bay ilionekana katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 kuwa na maambukizi ya asilimia 19.6 miongoni mwa watu wazima, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Katika soko dogo kama hilo watu hujuana, na jina la Kijaluo lenyewe ni masimulizi. Akinyi alizaliwa asubuhi, Akoth mvua ikinyesha. Apiyo ndiye pacha wa kwanza, Adongo wa pili, na Akelo huwafuata mapacha tumboni mwa mama. Ukifuta jina la ukoo na kuacha jina la kuzaliwa, umefuta nini? Na hata ukiyafuta yote mawili, andika tu ‘msichana wa miaka kumi na mmoja, pacha, darasa la tano, kijiji fulani’, na muuza samaki atakutajia jina la mama yake kabla hujamaliza kusoma.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaelekea kulitambua jambo hili. Miongoni mwa data nyeti imeorodhesha hali ya afya, na pia majina ya watoto, wazazi na wenzi wa mtu. Watunga sheria wetu hawasifiwi mara nyingi kwa umakini wa isimu, hapa wanastahili.

Basi hifadhidata ya wagonjwa ilindwe vipi? Nambari ya mgonjwa isitokane na tarehe yake ya kuzaliwa wala herufi za jina lake. Jedwali linalounganisha nambari na majina liwekwe mbali na rekodi za matibabu, nalo lisimbwe, hata mwizi wa kompyuta asiambulie kitu. Taarifa inayopelekwa makao makuu ya kaunti au Nairobi itaje makundi, wala si watu, na kundi lenye mtoto mmoja au wawili liunganishwe na jingine. Tena kila karani awe na nywila yake mwenyewe. Ile tabia ya ofisi nzima kutumia nywila moja iliyobandikwa ukutani huifanya kumbukumbu ya nani alifungua faili gani kuwa mapambo matupu.

Suala hili halikuisha mwaka 2016. Mnamo Desemba 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda uhamishaji wa data za afya chini ya mkataba uliokuwa umetiwa saini kati ya Kenya na Marekani. Mabishano mengi yalihusu Washington. Mama wa Magunga ana swali la karibu zaidi: je, anaweza kuingia zahanati anakochukulia dawa, akadai kuonyeshwa orodha ya waliosoma faili la mwanawe mwezi uliopita, na akapewa?