Mchoraji Naye Asikilizwe

Jengo likisimama na kupendeza, sifa humwendea aliyetia sahihi. Soko Kuu la Kariakoo, lililojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, humkumbusha kila mjuzi wa kazi hiyo jina la Beda Amuli, na hiyo ni haki yake, kwani alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa nchi hii kufuzu usanifu wa majengo. Lakini nyuma ya kila jengo kubwa huwapo watu wasiotajwa na yeyote. Hao ni wachora ramani, wanaokesha wameinamia meza. Leo tunapenda kuwazungumzia hao, maana namna wanavyotendewa ofisini haiwahusu wao peke yao. Inamhusu pia mtoto atakayesoma chini ya paa walilolichora.

Mwandishi wa makala haya alipata kuwa mmoja wao. Katika miaka ya 1980 nilifanya kazi katika ofisi ya wasanifu majengo ambayo sina haja ya kuitaja, kwani kisa chake kingeweza kutokea katika ofisi nyingi. Tulichora kwa kalamu za wino juu ya karatasi nyembamba, na aliyekosea aliukwangua wino kwa wembe, polepole, asije akaitoboa karatasi ya siku tatu. Kuondoka kabla ya Mzee kuondoka lilikuwa jambo lisilofikirika. Malipo ya saa za ziada hayakuulizwa. Aliyeuliza aliambiwa kwamba yupo shuleni, na mwanafunzi halipwi.

Mwaka mmoja ofisi yetu ilipewa kazi ya nyumba za walimu na madarasa mkoani Singida. Mwaka wa fedha ulikuwa ukielekea kwisha tarehe 30 Juni, na waliotupa kazi walitaka ramani upesi ili fungu lisirudi Hazina. Kwa ajili ya haraka hiyo, hakuna aliyetumwa Singida kuliona eneo. Tuliamriwa kuitoa kabatini ramani iliyokwisha kujengwa pwani, yenye baraza pana na paa lililotokeza sana nje ya ukuta, tukabadili jina la mahali.

Mwenzetu mmoja alikuwa mzaliwa wa Singida. Aliitazama ramani ile, akasema kwa adabu, "Mzee, kwetu hakuna paa la namna hii. Upepo utaingia chini yake." Alieleza kwamba Singida ni nyanda za juu, mji wake ukiwa yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwamba wakati wa kiangazi upepo huvuma pasipo kizuizi. Akataja tembe za wazee wake, nyumba zilizojiinamia ardhini, zenye paa bapa lililofunikwa udongo mzito, ambalo upepo haupati pa kulishika. Hakuomba tujenge tembe. Aliomba mapaa yapunguzwe kutokeza, na mbao zake zifungwe kwa chuma hadi ndani ya ukuta.

Jibu alilopewa nalikumbuka hadi leo: "Tangu lini kalamu ikamfundisha mwandishi? Chora ulichopewa." Sisi wengine tuliinamisha vichwa. Nami nilikuwamo katika hao walionyamaza.

Madarasa yalijengwa. Kiangazi cha kwanza kilipofika, paa la mojawapo lilinyanyuliwa likatupwa uwanjani. Kwa rehema ya Mungu ilikuwa Jumapili, hakuna aliyeumia. Barua ya malalamiko ilipofika ofisini, ramani ililetwa mezani na kidole kikawekwa kwenye kisanduku cha pembeni. Palipoandikwa "Imechorwa na" palikuwa na herufi za jina la kijana yule yule aliyeonya. Palipoandikwa "Imekaguliwa na" palikuwa patupu. Kijana akapewa onyo la maandishi. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini safari ile mguu ulioota haukuwa wa aliyedharau.

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza: Singida na sisi, wapi na wapi? Tunamjibu kwamba Visiwani nako kuna Kaskazi na Kusi, kuna chumvi inayokula nondo, kuna kuta za mawe na chokaa zenye tabia zake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Bara nako, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Hatusemi kwamba maafa hayo yalitokana na kisa kama chetu. Tunasema tu kwamba katika kazi ambayo kosa huzika watu, ofisi inayomfunga mdomo mdogo inajinyima jicho moja.

Wala si kwamba nchi hii haina mwongozo. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu kwa walio chini yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Zanzibar nayo ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2005. Bodi ya kusajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi ipo. Siku hizi kompyuta imechukua nafasi ya wembe na wino, lakini kompyuta haimpi mtu ujasiri wa kusema.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wa Serikali, ambao ndio wateja wakubwa wa ofisi hizi, watende mambo matatu. Wasiipokee ramani ambayo kisanduku cha mkaguzi ki kitupu. Waulize ni nani aliyefika mahali pa ujenzi, na mchoraji awe miongoni mwao. Na wasiwaharakishe wasanifu mwezi Juni kwa kazi iliyolala mafailini tangu Julai, maana haraka ya mkubwa humshukia mdogo usiku.

Nao wakuu wa ofisi za usanifu tunawakumbusha kwamba heshima ya Mzee haipungui kwa kumsikiliza kijana. Mwenzetu yule aliacha kazi mwaka uliofuata. Darasa liliezekwa upya, mapaa yakapunguzwa, mbao zikafungwa kwa chuma ukutani, vile vile alivyosema yeye. Ramani mpya haikuwa na jina lake.