Uamuzi uko kwa nani?

Likoni na Changamwe zimetenganishwa na maji tu, lakini asiye na gari akitaka kumfikisha mtoto kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Port Reitz hupanda feri, akashukia kisiwani, kisha akatafuta matatu ya kumrudisha bara upande wa pili. Feri haimtozi mtembea kwa miguu. Matatu hutoza, na muuza viazi karai aliyefunga meza siku nzima hana wa kumfidia.

Hesabu hiyo hupigwa nyumbani, mtoto hajaonwa na yeyote. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Alan Kazdin wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walichapisha dodoso la kupima vikwazo ambavyo wazazi huviona katika matibabu ya watoto wenye matatizo ya tabia. Walioviona vingi ndio walioelekea zaidi kukatiza matibabu. Wala haikuwa nauli peke yake: wengine hawakuona faida, wengine hawakuelewana na mtaalamu.

Bara ya Mombasa ina kikwazo chake. Tuseme mtoto wa miaka 9 wa Mtongwe ameanza kukojoa kitandani na kupigana darasani. Mama yuko Saudia, kazi za nyumbani. Baba ana mke mwingine Kisauni. Anayelala naye ni nyanyake. Mwalimu akiita mzazi, nyanya humtumia mama ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Jibu huja usiku: “Ngoja nimuulize babake, mama.” Baba asema mtoto kadekezwa, atiwe adabu. Mjomba ataka apelekwe kwa maalim akasomewe, pengine ni jini. Wiki zapita. Hakuna aliyeikataa kliniki, ila hakuna aliyeitaja.

Kusomewa hakuna ubaya; maalim yuko mtaa huohuo na anaijua familia. Ubaya ni pale kisomo kinapofunga mlango wa daktari. Tena kuna hofu ya jina: mtoto akionekana Port Reitz ataitwa mwendawazimu, na dadake ataposwa na nani?

Wazazi nao wana majeraha yao. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, maelfu wakahama makwao. Waliokuwa watoto mwaka ule leo wana watoto wao.

Utafiti wa kitaifa uliotolewa 2022 ulikuta takriban Wakenya 44 katika kila 100 wa umri wa miaka 10 hadi 17 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Kliniki inayongoja baba na mama waje pamoja itawakosa wengi wao.

Afadhali namba 116 ya msaada kwa watoto. Hailipishwi, iko wazi usiku na mchana, na mpigaji si lazima awe mzazi: nyanya, mwalimu, hata mtoto mwenyewe aweza kupiga.