Kajaga: Ukishavuka maji, kagua difu na breki

Mafuriko ya mwaka 2020 na 2024 yaliikumba Gatumba, kwenye barabara namba 4 inayotoka Bujumbura kupitia Kajaga kuelekea mpaka wa Kongo. Kwa wasafirishaji, hasara nyingine hujitokeza baadaye, gari likishavuka maji.

Difu hupata moto safarini. Lori likiingia majini, hewa iliyo ndani ya difu hupoa, husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, imwagwe na kuwekwa mpya, la sivyo gia na beringi zitalika.

Breki zilizolowa hazishiki vizuri. Dereva aende polepole huku akizikanyaga kidogo kidogo hadi zikauke. Injini ikizimika majini isiwashwe tena: maji kwenye silinda hayagandamiziki kama hewa, na konrodi inaweza kupinda. Lori livutwe, fundi alikague kwanza.

Wanaoendelea bara hupanda kutoka ziwani, mita 770 hivi, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Oili ya difu ni rahisi kuliko mzigo kukwama mlimani.