Pengo la Inchi Mbili Darini

Huko Portland na Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, Kiswahili kimepata wasemaji wapya: familia kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Baridi ya huko haina mzaha, na nyumba nyingi ni za mbao, kongwe. Mwenye nyumba akilalamikia gharama za kupasha joto, ushauri wa kwanza ni kujaza pamba ya kuzuia baridi darini. Ushauri mzuri, ila kwenye dohani.

Dohani ya matofali inayopita ndani ya nyumba haitakiwi kugusana na mbao. Kanuni za ujenzi za huko zinadai nafasi ya inchi 2, kama sentimita 5, kati ya matofali na boriti. Wengi hudhani ni uzembe wa fundi, wakaishindilia pamba. Kumbe nafasi hiyo ndiyo njia ya joto kutoroka. Ukiijaza pamba, joto hubaki pale pale na boriti huokwa msimu baada ya msimu, hadi ifike siku ishike moto kwa joto ambalo ubao mpya ungelistahimili. Ndiyo maana kosa hili hudanganya: miaka hupita bila dalili.

Lakini pengo hilo hilo ni mwizi. Hewa ya moto ya sebuleni hupandia humo, ikibeba mvuke unaokwenda kulowanisha mbao za paa. Basi hewa izuiwe, na mbao zisisogezwe karibu. Jibu ni bati. Fundi hukata bati la chuma lililopakwa zinki, akaligongomea kwenye boriti na kulifikisha hadi kwenye matofali. Ufa mwembamba unaobaki hupakwa gundi maalumu isiyoungua. Povu la kopo, kipenzi cha mafundi wenye haraka, huwaka. Liachwe.

Kisha bati jingine husimamishwa kuizunguka dohani, refu kupita kina cha pamba, ili pamba isiporomokee pengoni. Hili ni la lazima hasa kwa selulosi, ambayo ni magazeti makuukuu yaliyosagwa na kutiwa dawa ya boroni. Dawa hupunguza kuwaka, lakini selulosi yaweza kufukuta kwa saa nyingi bila mwali. Pamba ya kioo haiungui, ila karatasi iliyobandikwa juu yake huungua. Mimi ningechagua pamba ya mawe.

Mabomba ya moshi ya chuma yana masharti yake, yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha kiwandani: la gesi lenye kuta mbili kwa kawaida huhitaji inchi 1. Bomba la jiko la kuni lenye ukuta mmoja halipaswi kupita darini kabisa.

Na kabla ya kufunika chochote, panda na tochi. Michirizi myeusi kati ya matofali maana yake moshi unavuja. Hapo aitwe fundi wa dohani kwanza, na pamba isubiri.