Kiwanda Kilichonyamaza na Picha Yake

Fungueni madaftari yenu, tuanze somo letu.

Leo tutazungumza juu ya majengo ambayo zamani yalikuwa viwanda, na sasa yamenyamaza. Huenda mmeyaona: kinu cha mbao kilichokwisha kazi, ghala lenye paa lililotoboka, bomba refu lisilotoa moshi. Watu hupita bila kugeuza shingo. Wengine huingia kung'oa chuma wakauze kwa kilo. Lakini wako watu, hapa na katika nchi nyingine, wanaokwenda kuyatazama majengo hayo kwa makini na kuyapiga picha. Je, ni wavivu waliokosa kazi? La. Sikilizeni kwanza habari hii.

Nyumbani kwetu iko picha moja kuukuu. Watu kumi na mmoja wamesimama mbele ya msumeno mkubwa wa mashine. Mmoja ni marehemu babu yangu. Aliye kulia kwake alikuwa rafiki yake. Na hao tisa? Hatuwajui. Nyuma ya picha hakuna hata neno moja. Siku ile kila mtu alijua majina yote, basi hakuna aliyeona haja ya kuyaandika. Babu mwenyewe hakujua kuandika. Leo kinu kile hakipo tena, na watu tisa wamepotea ingawa nyuso zao tunaziona.

Sasa tuulize: jengo la kiwanda lina nini cha kusoma? Tuchukue mfano wa miwati, mti mnaoujua sana. Asili yake ni Australia. Kilimo kikubwa cha miwati kilianzishwa hapa Njombe mwaka 1949 na shirika la maendeleo la serikali ya Uingereza. Gome la muwati lina dawa ya kutengenezea ngozi, isioze bali iwe imara kwa viatu na mikanda. Gome hukatwa vipande vidogo, huchemshwa katika matangi, kisha maji yake huivishwa mpaka yawe mazito na kuganda. Mtu ajuaye kazi hiyo akiingia katika kiwanda cha namna hiyo husema, "Hapa palikuwa pa kukatia, pale pa kuchemshia, na kule pa kuwekea kuni." Ukijua kazi, jengo husomeka kama kitabu.

Hata mahali lilipojengwa hueleza jambo. Kiwanda hufuata maji, kuni na njia. Ninyi wa Makambako ni mashahidi. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na hapo kwenu ndipo inapokutana na barabara ya Njombe na Songea. Ukiona ghala kuukuu karibu na reli, jiulize: mzigo gani ulipita hapa?

(Mwalimu wa darasa asimame kidogo hapa, awaulize wanafunzi ni majengo gani ya namna hii wanayoyajua.)

Je, picha inaweza kuokoa jengo? Ndiyo, imewahi kuokoa. Huko Ujerumani, Bernd Becher na mkewe Hilla walianza mwaka 1959 kupiga picha mitambo ya migodi, matangi ya maji na matanuri ya chuma. Walichagua siku za mawingu, kivuli kisifiche kitu, wakasimama sawasawa mbele ya jengo. Katika mji wa Dortmund, ukumbi wa mashine wa mgodi wa makaa wa Zollern ulikaribia kubomolewa. Wao na wenzao wakaupigania, na mwaka 1969 ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Leo ni makumbusho. Nasi Njombe mawingu hatukosi!

Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa likitangazwa rasmi. Basi kinu cha mbao cha juzi hakina mlinzi ila kumbukumbu zetu.

Lakini angalieni mambo mawili kabla ya kwenda.

La kwanza ni ruhusa. Kiwanda kilichofungwa si kiwanda kisicho na mwenyewe. Tazameni kiwanda cha karatasi cha Mgololo, huko Mufindi. Kilianza kazi mwaka 1985, kikasimama katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 kikapata mwekezaji na kurudi kazini. Aliyedhani kimekufa alikosea. Kwa hiyo nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, umtafute mwenye mali, useme unataka nini. Penye reli, madaraja na stesheni usipige picha kabla ya kuuliza wakuu wa mahali hapo. Na usichukue kitu, hata msumari.

La pili ni usalama. Sakafu ya mbao iliyooza humeza mtu. Vigae vikubwa vya kijivu vya asbesto visivunjwe, kwa maana vumbi lake likiingia mapafuni huleta kansa baada ya miaka mingi. Mapipa yasiyojulikana yasifunguliwe. Mashimo ni hatari kuliko yote. Mgodi wa dhahabu wa New Saza, katika eneo la Lupa, ulifungwa mwaka 1956. Mahali pa namna hiyo shimo hubaki hata baada ya wenyewe kuondoka, na majani hulifunika. Msiende peke yenu. Nendeni wawili au watatu, mchana, mkiwa na viatu vigumu, na nyumbani wajue mko wapi. Watoto wasiingie. Mahali penye mashaka, pigeni picha mkiwa nje.

Sasa kazi yenyewe. Simu ya mkononi yatosha. Piga picha tatu. Ya kwanza toka mbali, jengo zima lionekane. Ya pili toka karibu, mlango au mashine. Ya tatu karibu kabisa, hasa kile kibao cha chuma kwenye mashine, ambacho mara nyingi huonyesha jina la mtengenezaji, mji na mwaka.

Hapa ndipo ninyi mnapowazidi wageni wanaokuja na kamera za bei kubwa. Mgeni ana kamera nzuri, lakini hamjui mzee aliyefanya kazi pale. Ninyi mnamjua, ni jirani, ni mjomba, ni baba mkwe. Mpelekeeni picha. Muulizeni kwa adabu, "Mzee, hapa mlifanya nini? Huyu ni nani? Mlilipwaje? Nani aliumia?" Andikeni maneno yake. Picha ya karatasi iandikwe nyuma kwa penseli laini. Picha ya simu iandikwe katika daftari kwa namba.

Wazee hao hawatungoji. Jengo litaanguka, picha itabaki, lakini maneno ndiyo yatakayoipa sauti.

Kazi ya juma hili: chagua picha moja iliyoko nyumbani kwako, yenye watu walio kazini. Jibu kwa maandishi maswali matano: Ni nani? Ni wapi? Ni lini? Walifanya kazi gani? Nani amekueleza? Lisilojulikana leo, liachie nafasi, ukamuulize mzee kesho.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.