Kuruwa ya distribisio ikikatika: pickup ya koperative inaumia wapi, na komite iangalie nini garajini



Tulikuta pickup ya koperative moja ya wakulima wa Kibumba katika garaje ya Mabanga, uso wake wote umefunguliwa: radiatere imewekwa pembeni, ndoo ya buloni chini ya bampa, kartoni zimetandikwa juu ya mawe ya volkano ili fundi alale chini. Ni Hilux ya zamani ya mazutu. Ilikuwa pale wiki ya tatu, na pesa ya kununua mbegu za viazi ilikuwa imeanza kuliwa na gari.

Kisa chenyewe ni kifupi. Asubuhi ya soko gari ilikuwa inashuka Goma na mashu na viazi. Kufika karibu na Kibati, moteri ikazimika ghafla, bila moshi na bila kelele kubwa. Shofere akapiga demarere. Moteri ikazunguka haraka, nyepesi kuliko siku zote, lakini haikuwaka. Akapiga tena, na tena. Halafu, juu barabara pale inateremka, akafanya kitu ambacho mashofere wengi wa kwetu wangefanya: akaiacha gari iteremke yenyewe, akatia vitesi ya pili, akaachia ambreyaje. Ndani ya moteri kukasikika mlio kama wa karanga zinazovunjwa. Mashu yakamaliza safari juu ya chukudu, yakafika soko limeshapoa, yakauzwa kwa bei ya huruma.

Kilichokatika ni kuruwa ya distribisio. Wengine wanaiita mkanda wa taimingi. Si ile kuruwa ya nje inayozungusha feni, ambayo kila mtu anaiona akifungua boneti. Hii inakaa ndani ya kifuniko mbele ya moteri, ina meno, na kazi yake ni kufunga pamoja sehemu tatu zisipishane hata kidogo: mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, mhimili wa juu unaofungua na kufunga supapu, na pompu inayosukuma mazutu kwenye kila pistoni kwa zamu yake.

Kila mhimili wa chini ukizunguka mara 2, ule wa juu unazunguka mara 1. Moteri ikikimbia mizunguko 3,000 kwa dakika, kila supapu inafunguka mara 25 kwa sekunde moja. Supapu inashuka ndani ya silinda, inarudi, pistoni inapanda mahali pale pale ambapo supapu imetoka sasa hivi. Ni kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: wakipishana vizuri, unga unatoka, mmoja akisimama ghafla mchi ukiwa chini, wanagongana. Katika moteri ya mazutu nafasi kati ya pistoni na kichwa cha moteri ni ndogo sana. Kwa hiyo kuruwa ikikatika, supapu zilizobaki wazi zinapigwa na pistoni. Zinapinda. Wakati mwingine mhimili wa juu wenyewe unapasuka.

Ndiyo sababu jambo la kwanza kwa shofere ni hili: moteri ikizimika ghafla, na demarere ikazunguka haraka na nyepesi kuliko kawaida, aache. Asipige tena, asisukumwe, asiteremshe gari katika vitesi. Afungue kifuniko cha kutilia mafuta ya moteri. Katika moteri nyingi za Hilux za zamani za mazutu, ukiangalia kwa taa unaona mhimili wa juu pale ndani. Mtu mmoja azungushe moteri polepole kwa ufunguo, kwenye buloni ya puli ya chini, kiasi kidogo tu. Kama chini inazunguka na juu imelala, kuruwa imekatika au imemaliza meno. Akikuta inakwama, asilazimishe. Gari ivutwe hadi garajini ikiwa katika nyutro. Yule wa Kibati huenda alikuwa amekwisha kuumiza supapu moja au mbili wakati moteri ilipozimika. Ule mteremko ndio uliomaliza zilizobaki.

Sasa twende garajini, maana hapa ndipo koperative nyingi zinapoteza pesa mara ya pili. Gari yetu ilipelekwa kwanza kwa fundi mmoja ambaye hatumtaji, akasema: "Kuruwa tu, nitaweka mupya, kesho munatembea." Akaweka. Haikuwaka. Akailipisha koperative kuruwa na kazi, akasema pompu ya mazutu ndiyo mbaya. Wakati huo hakuna aliyekuwa amefungua kilasi, yaani kichwa cha moteri, kuangalia supapu. Fundi wa pili, yule tuliyemkuta, alianza kwa kuuliza gari ilikuwa inatembea au imesimama wakati kuruwa ilipokatika. Aliposikia habari ya mteremko hakugusa pompu hata kidogo.

Mwanamemba wa komite si lazima ajue ufundi. Lakini anaweza kuwa pale, na kuna nyakati chache ambazo macho yake yanatosha.

Wakati wa kwanza ni kuruwa ya zamani inapotoka. Iombeni, muishike. Ikiwa imelowa mafuta na kuvimba, kuna jointi spi inayovuja mbele ya moteri, na kuruwa mpya bila spi mpya itakufa kifo kile kile. Ikiwa pembeni imechanika nyuzi nyuzi, kuna puli iliyopinda au galeti mbaya, yaani kile kigurudumu kinachokaza kuruwa. Mgongo ukiwa na nyufa nyufa kama udongo wa kiangazi, imezeeka tu. Meno yakiwa yamenyolewa mahali pamoja na pengine ni mazima, uliza kama kuna kitu kilichokwama: pompu, au mhimili wa juu. Ya Kibumba ilikuwa na nyufa, na katikati ya meno tuliona vipande vidogo vya mawe meusi. Kifuniko cha chini hakikuwepo. Fundi fulani zamani alikitoa, hakukirudisha, na vumbi la volkano likapata njia. Kwa sisi wa Goma hicho kifuniko cha plastiki si pambo. Tangu Nyiragongo imwage moto mjini mwaka 2002, nusu ya njia tunazopita ni changarawe ya lava, na inakata mpira kama msasa.

Wakati wa pili ni kilasi inapowekwa mezani. Kabla hata ya kuitoa, fundi mzuri anapima nafasi kati ya kam na supapu. Supapu iliyopinda hairudi juu yote, kwa hiyo nafasi yake inakuwa kubwa kupita zingine. Hapo unajua hasara iko wapi. Kilasi ikishatoka, angalieni juu ya pistoni: alama za mwezi mchanga zinaonyesha supapu ilipogonga. Alama ndogo si neno. Pistoni iliyopasuka ni habari nyingine. Halafu mwambieni fundi azungushe kila supapu ndani ya njia yake. Iliyonyooka inazunguka bila kuyumba.

Hapa tuseme wazi, juu tumeona: kuna mafundi wanaonyoosha supapu kwa nyundo. Msikubali. Chuma kilichopinda kikanyooshwa kimekwisha kuchoka, na kichwa cha supapu kikivunjika kinaanguka juu ya pistoni, moteri inakwenda na yote. Supapu iliyopinda inatupwa. Ile mpya inasagwa kwenye kiti chake, kisha kilasi inageuzwa, mnamimina mazutu kidogo katika matundu ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi, mnasubiri. Mazutu ikichuruzika kando ya supapu, haijakaa. Hii mtu yeyote wa komite anaweza kuiona, hata kama hajawahi kushika ufunguo.

Kilasi za moteri hizi (2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8, na 5L ya lita 3) zinajulikana kwa kupasuka kati ya supapu mbili kama gari iliwahi kuchemka. Kwa hiyo ioshwe na ikaguliwe kabla ya kununua piyese nyingine. Ukinunua supapu zote halafu ukagundua kilasi imepasuka, umenunua mara mbili. Na kama fundi anataka kuipasha rabo ili iwe tambarare, muulizeni anaondoa kiasi gani, maana ikipunguzwa sana supapu zinakaribia pistoni. Jointi ya kilasi nayo inauzwa kwa unene tofauti. Ile ya zamani iende dukani pamoja na mnunuzi, sawa na kuruwa. Hesabuni meno ya kuruwa ya zamani na ya mpya, pimeni na upana. Dukani kila mtu ataapa kwamba ni ile ile.

Wakati wa tatu ndio mkubwa, na ni wa kimya. Kwenye puli ya juu, ya pompu, na ya chini kuna alama. Zote tatu zinapaswa kuangaliana na alama za kwenye moteri kabla kuruwa haijavikwa. Kuruwa isikunjwe, isipindishwe, isiguswe na mikono ya mafuta. Ikiwa na mshale, mshale ufuate upande ambao moteri inazungukia. Galeti inalegezwa ili springi yake ivute kuruwa yenyewe, halafu inakazwa. Kisha moteri inazungushwa kwa mkono, kwa ufunguo, mizunguko 2 kamili ya puli ya chini, na alama zinaangaliwa tena. Fundi wa Mabanga alipofika hapo alimwita mama kesiye wa koperative:

"Mama, kuya uone mwenyewe. Hii, na hii, na hii. Ziko zinaangaliana?"

"Ya pompu imepita kidogo, papa."

Ilikuwa imepita jino moja. Akaitoa, akaanza upya, bila aibu. Jino moja kwenye pompu halivunji kitu siku hiyo, lakini gari inakuwa ngumu kuwaka, inatoa moshi mweupe au mweusi, inagonga, haina nguvu kwenye mlima, na inakunywa mazutu. Koperative ingelirudi Kibumba ikisema moteri imezeeka. Fundi anayekataa kuzungusha kwa mkono, anayetaka kuonja kwa demarere mara moja, mzuieni hata kama ni ndugu. Kwa mkono, supapu ikigusa unasikia tu inakwama. Kwa demarere, inapinda.

Kuhusu bei hatutaandika namba, zinabadilika kila mwezi na kila mpaka. Lakini kuruwa, galeti na spi zikibadilishwa kabla ya kukatika ni kazi ya siku moja. Baada ya kukatika ni kilasi, supapu, jointi, wiki tatu, na mazao yanayokodiwa gari la mtu mwingine.

Ibadilishwe lini basi? Kwa Hilux hizi, na kwa Land Cruiser yenye moteri 1HZ, kipimo cha Toyota ni kilometa 100,000. Kwa barabara zetu na mizigo yetu, sisi tunashauri 60,000. Gari inayokwenda na kurudi kilometa 60 kwa siku, siku 5 kwa juma, inafikisha 60,000 kabla ya miaka 4. Mpira unazeeka pia gari ikilala, kwa hiyo miaka nayo ihesabiwe. Nyingi kati ya gari hizi zina taa kwenye tablo iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kilometa zikifika. Isipowaka msifurahi mapema: wauzaji wengine huitoa balbu, na konteri za gari zilizopita mikono mitano zinasema wanachotaka waliozigusa. Pickup ikinunuliwa ya okazi, kuruwa ibadilishwe kabla ya safari ya kwanza ya mazao. Ya Kibumba ilinunuliwa hivyo, na kwenye komite kuna aliyesema hilo. Wakamwambia pesa hakuna.

Si kila gari iko na kuruwa. Land Cruiser za zamani zaidi zenye moteri 3B au 2H zinafanya kazi hii kwa magurudumu ya meno tupu, hamna cha kubadilisha. Hilux ya esanse yenye moteri 22R ina sheni. Sheni haikatiki kirahisi, lakini reli za plastiki zinazoiongoza zinavunjika, sheni inalegea na kuanza kukwangua kifuniko cha mbele mpaka inafikia njia ya maji. Ukisikia mlio wa minyororo asubuhi moteri ikiwa baridi, usingoje. Ukivuta kijiti cha mafuta ukakuta mafuta yamekuwa kama maziwa, umechelewa, na gari isiwashwe tena.

Pickup ya Kibumba iliwaka mchana wa Ijumaa, kwa kupiga demarere mara mbili. Fundi aliiacha ikinguruma polepole nusu saa, akaangalia maji, akafunga kifuniko cha chini alichokipata kwenye gari lililokufa jirani. Mama kesiye aliomba rangi nyeupe. Akaandika juu ya kifuniko tarehe na kilometa za siku ile, na chini yake kilometa ambazo kuruwa hii haitakiwi kuzipita. Ile ya zamani aliikunja, akaitia katika kapu. Sasa imetundikwa kwenye depo yao, juu ya mizani ya viazi.