Ndege ya mbao na injini ndogo: somo la Henri Mignet kwa wenye ndoto ya kujitengenezea ndege

Je, mtu asiye tajiri anaweza kujitengenezea ndege nyumbani na kuruka nayo? Zaidi ya miaka 90 iliyopita, Mfaransa mmoja alijibu ndiyo, na watu wengi wakamwamini. Kuna walioruka wakashuka salama, na kuna waliopoteza maisha. Kisa chake kinaonyesha mahali ambapo fundi anaweza kupunguza gharama, na mahali ambapo hawezi kupunguza hata franga moja.

Mtu huyo ni Henri Mignet, aliyezaliwa mwaka 1893 magharibi mwa Ufaransa. Hakuwa na kiwanda wala diploma ya kutengeneza ndege. Alikuwa fundi wa redio aliyependa ndege tangu ujana, na alitengeneza moja baada ya nyingine kwa mikono yake. Nyingi zilimshinda, lakini hakuacha.

Mwezi wa Septemba 1933, katika uwanja karibu na mji wa Soissons, aliruka na ndege yake ya aina ya 14. Aliipa jina la Pou-du-Ciel, maana yake chawa wa angani. Ilikuwa ndege ya mtu mmoja, yenye mabawa mawili mafupi yaliyofuatana, moja mbele na lingine nyuma. Ilitengenezwa kwa mbao, tripleksi na kitambaa. Injini yake ilikuwa ndogo kama ya pikipiki, yenye nguvu za farasi 17 tu.

Kitabu kilichowasha moto

Mignet hakuficha kazi yake. Mwaka 1934 alitoa kitabu kiitwacho Le Sport de l'air. Ndani yake alieleza hatua kwa hatua namna ya kukata mbao, kubandika gundi, kufunga kitambaa, kuweka injini, na hata namna ya kujifunza kurusha chombo hicho peke yako. Aliwaambia wasomaji wake kwamba hawakuhitaji kuwa mainjinia wala kuwa na pesa nyingi.

Watu walivutwa. Vijana, maseremala, makanika na walimu walianza kukata mbao katika garaji na vyumba vya nyumba zao. Mwaka 1935 kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Mignet akavuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza na ndege yake. Kwa wengi, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Kama chombo cha mbao na injini ndogo kimevuka bahari, kwa nini wao wasijaribu?

Bei ndiyo iliyowavuta zaidi. Ndege za kiwandani zilikuwa za matajiri. Hii ya Mignet iliweza kugharimu kama pikipiki nzuri au gari dogo, kwa sababu kazi yote ilifanywa na mwenyewe.

Kosa ambalo jicho halikuliona

Kisha ajali zikaanza. Nchini Ufaransa na Uingereza, Pou-du-Ciel kadhaa ziliinamisha pua angani na kuanguka moja kwa moja hadi chini. Waliokuwa ndani walikufa. Mwanzoni watu walidhani ni makosa ya marubani wasio na mazoezi, au gundi mbaya, au kazi ya haraka. Lakini ajali zilifanana mno.

Mwaka 1936 wataalamu wa nchi hizo mbili waliingiza ndege hiyo katika handaki la upepo, yaani jengo ambamo mashine kubwa hupuliza hewa juu ya ndege iliyofungwa, ili kupima nguvu zinazoisukuma. Uingereza ilifanya kazi hiyo Farnborough, Ufaransa ikaifanya Chalais-Meudon.

Majibu yalikuwa wazi. Mabawa mawili yalikaa karibu mno. Katika ndege hiyo, rubani alipovuta usukani ili kuinua pua, bawa la mbele liligeuka, na ukingo wake wa nyuma ukashuka kukaribia bawa la nyuma. Hewa iliyopita katika nafasi hiyo nyembamba iliongeza nguvu ya bawa la nyuma. Mkia ukainuka, na pua ikazidi kushuka. Katika mteremko mkali, rubani alipovuta usukani ili kujiokoa, ndipo alipozidi kuelekea chini.

Hakuna seremala, hata awe hodari namna gani, ambaye angeliona kosa hilo kwa kuangalia mbao. Misumari ilikuwa mizuri, gundi ilikuwa nzuri, lakini mchoro wenyewe ulikuwa na hatari ndani yake. Uingereza iliacha kutoa vibali vya kuirusha, na hamu ya watu ikapoa.

Mignet hakukata tamaa. Alirekebisha mabawa na kuendelea kuchora ndege mpya za aina hiyo hadi alipofariki mwaka 1965. Ndege za ukoo huo, zilizosahihishwa baada ya vipimo, bado zinatengenezwa na kuruka mpaka leo.

Waliofuata njia hiyo kwa makini zaidi

Wazo la ndege ya bei nafuu halikufa. Huko Marekani, katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, fundi Bernard Pietenpol alikuwa tayari amerusha mwaka 1929 ndege ya mbao ya watu wawili, yenye injini ya gari la Ford Model A. Michoro ya ndege hiyo, iitwayo Air Camper, bado inatumiwa na watu wanaotengeneza ndege nyumbani.

Nchini Ufaransa, Édouard Joly na mkwe wake Jean Délémontez walianzisha Jodel katika mji wa Beaune mwaka 1946. Jina hilo limetoka katika majina yao mawili. Mwezi wa Januari 1948, ndege yao ndogo ya mbao ya mtu mmoja, D9, iliruka mara ya kwanza. Baadaye wengi waliifunga injini ya Volkswagen, ile ya gari ambalo hapa kwetu linajulikana kwa jina la Coccinelle. Injini hiyo ilipendwa kwa sababu hupozwa kwa hewa, haina radiateri wala maji ya kubeba, na vipuri vyake vilipatikana kwa urahisi.

Mwaka 1973 Cri-Cri, ndege iliyobuniwa na Mfaransa mwingine, Michel Colomban, iliruka mara ya kwanza. Ina injini mbili ndogo, na mabawa yake yana urefu wa mita 4,9 tu kutoka ncha hadi ncha. Ikiwa tupu, ina uzito wa kilo 78 hivi, yaani kama mtu mzima mmoja. Lakini Colomban alikuwa injinia, na hesabu zake zilitangulia mbao na alumini.

Barani Afrika, mwaka 2019, vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne, Sling 4, kutoka katika vipande vilivyotengenezwa na kiwanda cha nchini mwao. Kisha ndege hiyo ikasafiri kutoka Cape Town hadi Cairo. Ndege ya namna hiyo si ya bei ya chini, lakini safari yao ilionyesha kwamba mikono mingi hupunguza muda, na kwamba vijana wanaweza kufanya kazi hiyo wakisimamiwa na wanaoijua.

Pesa inaokolewa wapi?

Kwa anayejitengenezea ndege, akiba kubwa iko katika kazi ya mikono. Ndege rahisi mara nyingi huchukua zaidi ya saa 1.000. Mtu anayefanya kazi hiyo saa 10 kila wiki atahitaji karibu miaka miwili. Lakini pia halazimiki kulipa kila kitu siku moja. Mwezi huu ananunua mbao za mkia, mwezi ujao gundi, mwaka ujao kitambaa. Injini, ambayo mara nyingi ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote, inaweza kungoja mwishoni.

Njia ya pili ni kuungana. Mwaka 1953, huko Milwaukee, Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha watengenezaji wa ndege za nyumbani, EAA. Wanachama huazimana vifaa, na wenye ujuzi hupita kuangalia kazi ya wapya kabla kitambaa hakijafunika viungo. Jicho la pili halina bei kubwa, na limeokoa wengi.

Sheria nayo ina nafasi yake. Marekani humruhusu raia kujitengenezea ndege ikiwa sehemu kubwa ya kazi ameifanya yeye kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Hata hivyo ndege hukaguliwa, na kwa kawaida hujaribiwa kwa saa 25 hadi 40 bila abiria, mbali na makazi ya watu.

Na kwa fundi wa mashariki mwa Kongo?

Katika miji kama Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, ubunifu wa mikono si jambo geni. Chukudu inatoka kwenye mbao na kipande cha tairi, na inabeba mizigo mizito kila siku. Tofauti ni moja: chukudu ikivunjika njiani, mwenyewe anaisukuma pembeni na kuitengeneza. Angani hakuna pembeni.

Mwenye ndoto hiyo anapaswa kwanza kuchagua mchoro uliokwisha kuruka miaka mingi, badala ya kubuni wake kwa kuangalia picha. Mbao zinapaswa kuwa kavu, zenye nyuzi zilizonyooka na zisizo na fundo. Tripleksi ya kutengenezea kabati haitoshi.

Kuna pia jambo la mwinuko. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1.500 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Mabawa nayo yanahitaji mwendo zaidi ili kuinua uzito ule ule. Ndege iliyoruka vizuri kwenye uwanja wa chini huko Ufaransa inaweza kumaliza uwanja wote hapa bila kuinuka.

Zaidi ya hayo, nchini Kongo usafiri wa anga husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, AAC. Kurusha chombo bila kibali ni hatari mara mbili katika eneo lenye vita, ambako kitu chochote kinachoruka kinaweza kudhaniwa kuwa silaha.

Wakati kibali, mbao na injini havijapatikana, kuna mengi ya kufanya kwa gharama ndogo. Kijana anaweza kusoma michoro, kujifunza hesabu za uzito na mizani, na kujenga ndege ndogo ya mfano inayoruka bila mtu. Anaweza kuunganisha bawa moja la majaribio, kisha kulipakia mifuko ya mchanga hadi livunjike, ili ajue lilikuwa na nguvu kiasi gani. Bawa hilo litampotezea mbao na wiki kadhaa za kazi. Wasomaji wa Mignet waliopanda bila vipimo walipoteza zaidi ya hapo.